Pampu ipi kwa utomvu wa mepo: kiwambo, mabapa, pete ya maji au kucha?

Mwenye matundu 80, yaani mashimo yaliyotobolewa kwenye miti ya mepo ili kutoa utomvu, akiwa kwenye mteremko mkali pengine hahitaji pampu kabisa. Mwenye matundu 3,000 kwenye msitu tambarare akikosea pampu, msimu mzuri unampita akiutazama. Wengine wote wako katikati yao, na ulinganisho huu ni wao: wenye misitu ya mepo Vermont, Maine, New York, Quebec na Ontario, pamoja na mzungumzaji wa Kiswahili aliyehamia huko akakabidhiwa kibanda cha pampu akiambiwa “hakikisha sindano haishuki,” yaani sindano ya geji.

Utomvu wa mepo (Acer saccharum) hutoka mwishoni mwa Februari hadi Aprili, usiku kukiganda na mchana kukiyeyuka. Ukiwa na sukari asilimia 2, unachemsha lita 43 kupata lita 1 ya shira. Utomvu unatoka kwenye tundu kwa sababu shinikizo ndani ya shina limezidi la nje. Kazi ya pampu ni kushusha shinikizo upande wa mrija ili tofauti hiyo ikue, hata siku ambayo mti wenyewe hauna nguvu. Kwa makadirio yanayotumika sana, kila inchi 1 ya zebaki unayoongeza kwenye ombwe (hali ya kuondolewa hewa) inaleta utomvu zaidi kwa asilimia 5 hadi 7. Ndiyo maana watu wanagombania inchi 2.

Ombwe kamili usawa wa bahari ni inchi 29.92. Kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu inchi 1. Msitu ulio mita 600 juu hautavuka 28 hata ukiwekewa pampu ya maabara, kwa hiyo usilinganishe geji yako na ya mtu aliye bondeni.

Uliza hewa kabla ya kutazama sindano

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kuziba mdomo wa pampu kwa kiganja, kuona sindano imegusa 27, na kutoa pesa. Pampu iliyozibwa mdomo haibebi mzigo wowote. Msituni kuna maelfu ya viungo, na kila kiungo ni mlango wa hewa. Kitakachokubakisha kwenye inchi 25 ni wingi wa hewa ambayo pampu inaweza kuitoa ikiwa tayari iko kwenye inchi 25.

Hesabu yake ni hii. Kwenye inchi 15 shinikizo lililobaki ni nusu ya la nje, hivyo lita 1 ya hewa iliyopenya inavimba na kuwa lita 2. Kwenye 25 zimebaki inchi 5 kati ya 30, na lita ile ile inakuwa 6. Kwenye 27 inakuwa 10. Ufa ni ule ule, aliyeutoboa ni kindi yule yule, lakini pampu inabeba ujazo mara tano ya ule wa inchi 15. Kutoka 20 kwenda 25 ni vigumu kuliko kutoka 0 kwenda 20, na ni hapo aina za pampu zinapoachana.

Kanuni ya mkononi ni futi 1 ya ujazo kwa dakika (lita 28 hivi) kwa kila matundu 100. Muulize muuzaji futi hizo zimepimwa kwenye inchi ngapi. Kwa pampu kuukuu za kukamulia maziwa kuna mtego mwingine: kipimo cha Marekani na kipimo cha New Zealand havilingani. Cha New Zealand huhesabu hewa ikiwa imeshavimba, kwa hiyo pampu iliyoandikwa 40 kwa kipimo hicho ni 20 tu kwa kipimo cha Marekani kwenye inchi 15. Watu wamenunua nusu ya pampu waliyodhani wamenunua.

Bila pampu: mrija mwembamba na mteremko

Kabla ya kulinganisha pampu, pima mteremko. Mrija wa inchi 3/16 (milimita 4.8) ni mwembamba kiasi kwamba mapovu ya gesi hayawezi kupita pembeni mwa utomvu. Maji na hewa vinashuka kama shanga kwenye uzi, na uzito wa safu hiyo ndio unaovuta. Kila mita 1 ya kushuka chini ya tundu la mwisho inakupa karibu inchi 2.9. Mita 9 zinakufikisha karibu na 26, bila umeme wala kelele. Mrija wa kawaida wa inchi 5/16 hauwezi, kwa sababu humo hewa inapita juu na utomvu unatiririka chini yake.

Udhaifu wake ni kuziba. Bakteria na uchafu hujikusanya kwenye viungo vya T, na tundu la milimita 4 halihitaji uchafu mwingi. Mwaka wa kwanza unapendeza, wa pili au wa tatu mavuno yanashuka na mwenyewe haelewi kwa nini. Usizidishe matundu 25 hivi kwa mrija mmoja, na uoshe kwa klorini kila mwisho wa msimu. Tumia klorini ya kalsiamu (hipokloriti ya kalsiamu), si ya sodiamu: masalia ya sodiamu yana ladha ya chumvi, na kindi akishaonja mrija wenye chumvi atautafuna msimu mzima.

Pampu ya kiwambo

Hizi ni pampu ndogo za volti 12 zilizotengenezwa kwa maji ya boti na ya kunyunyizia dawa. Kiwambo cha mpira kinapanda na kushuka, valvu ndogo zinafunga na kufungua. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inavuta utomvu na hewa kwa pamoja: huhitaji rilisa, yaani ule mtungi wa kutenganisha utomvu na ombwe, wala mtego wa unyevu, yaani chombo cha kunasa maji yasifike kwenye pampu. Inawekwa chini ya msitu, inasukuma moja kwa moja kwenye tangi.

Ila ni dhaifu kwa hewa. Pampu inayosukuma lita 11 za maji kwa dakika inatoa hewa chini ya nusu futi ya ujazo kwa dakika. Kiungo kimoja kilicholegea kinaimaliza. Kwa mirija mipya iliyobana vizuri inafaa matundu 50 hadi 150 hivi. Ukiona inazunguka bure na sindano imelala kwenye 10, usinunue nyingine ya pili. Tafuta uvujaji.

Jambo moja linaibadilisha kabisa: mrija wa kurudisha. Weka T upande wa kutolea, kisha urudishe utomvu kidogo kwenye mdomo wa kuvutia kupitia koki ndogo. Valvu zikiwa zimelowa zinabana. Zikikauka zinapitisha hewa. Fungua koki hadi kamkondo kembamba tu kapite, ukitazama geji. Sindano inapanda kutoka 15 kwenda 20 na zaidi, mbele ya macho yako. Ukizidisha, pampu inazungusha maji yake yenyewe. Weka chujio mbele yake, kwa sababu vumbi la mbao kutoka kwenye keekee hukwama kwenye valvu siku ile ile ya kwanza.

Umeme: ikila ampia 5, betri ya saa-ampia 100 ya risasi inayotumika hadi nusu itakupa saa 10. Usiku wa baridi lazima imwagwe maji. Barafu inapasua kichwa cha pampu kwa usiku mmoja.

Pampu ya mabapa iliyotoka zizini

Hii ndiyo mlango wa wengi kuingia kwenye ombwe, kwa sababu mazizi mengi ya maziwa Vermont na New York yamefungwa na pampu zake zinauzwa kwa bei ya chini. Utakutana na chapa za Surge, DeLaval na Conde. Ndani kuna rota iliyokaa kando ya katikati, yenye mabapa yanayoteleza nje na kusugua ukuta kwa kulainishwa na oili inayodondoka.

Ielewe kwa kazi iliyoumbiwa. Zizini ilikuwa ikivuta inchi 15 au pungufu, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na saa kadhaa kila jioni, kisha inapumzika. Wewe unataka 22, mchana na usiku, siku tatu mfululizo. Kadiri ombwe linavyokuwa kali, ndivyo hewa inayopita ndani inavyopungua, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba joto. Pampu inachemka, oili inakuwa nyepesi kama maji, mabapa yanakwangua chuma. Chupa ya kudondoshea oili ikiisha saa tisa usiku, asubuhi unakuta pampu imejifunga.

Ukiiweka kwenye inchi 18 inavumilia. Kuivusha hapo kwa usalama kunahitaji mfumo wa kuogesha oili: tangi la lita 20 au zaidi, oili inavutwa kwa wingi na ombwe la pampu yenyewe, inatoka na hewa chafu, inatulia tangini, inapita kwenye rejeta, inarudi. Kwa mfumo huo, pampu nzuri ya zizini hufanya kazi kwenye 22 hadi 24. Bila mfumo huo, weka valvu ya kudhibiti ombwe na usimsikilize jirani anayejisifia 25.

Bei ya kununua ni ndogo, ila ongeza oili, mkanda, mabapa mapya na kulala kibandani. Kwa matundu 300 hadi 1,000, na mtu anayejua kushika spana, bado ni chaguo la heshima.

Ukiikagua kabla ya kununua, toa mkanda na uzungushe puli kwa mkono. Isikwame, na usikie mabapa yakigonga taratibu, tak, tak, yakianguka nje kwenye mifereji yake. Kimya kina maana mabapa yameganda kwa oili kuukuu, jambo linalosafishika. Mkwaruzo ni ukuta uliochimbika, iache.

Pete ya maji

Hapa kuna feni ndani ya nyumba ya duara, na maji yanayorushwa pembeni yanatengeneza pete. Pete hiyo ndiyo inayobana hewa. Chuma hakisugui chuma, na utomvu ukiingia kwa bahati mbaya unapita tu. Kwa msitu ambao rilisa yake inamwaga vibaya mara kwa mara, ustahimilivu huo una thamani kubwa.

Tatizo lake ni joto la maji. Maji ya nyuzi 15 yana mvuke wenye shinikizo la nusu inchi tu ya zebaki. Yakifika nyuzi 40 ni inchi 2.2, na kwenye 50 ni inchi 3.6. Kwenye ombwe kali maji ya moto yanachemka ndani ya pampu, mvuke unachukua nafasi ya hewa, na unasikia sauti kama kokoto kwenye debe. Sauti hiyo inakula feni. Ukiona asubuhi unasoma 27 na alasiri 24 bila uvujaji wowote, shika tangi la maji kwa mkono kabla hujakimbilia msituni.

Dawa ni tangi kubwa (pipa la lita 200 ni mwanzo, si mwisho), rejeta yenye feni, au maji ya kisima yanayoingia mapya. Wengine hutumia oili badala ya maji: haigandi na haichemki kwenye ombwe hilo, ila inataka rejeta kubwa zaidi na mota inakula umeme zaidi. Ukilazimika kuweka dawa ya kuzuia kuganda, iwe ile ya propilini glikoli inayoruhusiwa kwenye vyakula. Ile ya magari ni sumu na haina nafasi karibu na utomvu.

Umeme nao uhesabu. Mota ya nguvu-farasi 5 ni kilowati 3.7, yaani uniti karibu 90 kwa siku nzima.

Mabapa ya viwandani yenye oili

Zinafika 28 hadi 29 na ni kimya kuliko zote. Zinapenda hewa kavu, na hewa ya msitu wa mepo ina unyevu kupita kiasi. Mvuke ukibanwa ndani unageuka maji, unachanganyika na oili, na kioo cha oili kinageuka rangi ya chai ya maziwa. Oili hiyo hailainishi tena. Inunue tu kama una mtego mzuri wa unyevu, na kama pampu ina ile valvu ndogo ya kuingiza hewa kidogo kwenye hatua ya kubana ili mvuke utoke kabla haujawa maji. Kabla ya kuizima, funga mdomo wa kuvutia na uiache izunguke ikiwa moto dakika 20 hadi 30, ichemshe unyevu uliobaki. Asiye na subira ya kufanya hivyo kila siku achague aina nyingine.

Kucha

Rota mbili zenye umbo la kucha zinazunguka bila kugusana, bila oili kwenye chumba cha kubana. Oili iko kwenye gia tu. Ukiifunga na kidhibiti kasi cha mota, unaandika 25 na inajipunguza yenyewe mirija ikibana, ikijiongeza uvujaji unapotokea. Umeme unaokolewa ni mwingi, hasa usiku. Pia kasi yake inakupa habari: mota iliyokuwa kwenye hezi 35 jana na leo iko 60 kwa ombwe lile lile, kuna kitu kimefunguka msituni.

Bei ni kubwa kuliko zote hapa. Na haisamehe utomvu. Nafasi kati ya kucha ni ndogo mno na ndani kuna joto kali. Utomvu ukiingia unakauka kuwa gundi ya sukari, na kesho yake haizunguki. Pampu ya kucha bila mtego wa unyevu wenye mpira wa kuelea unaoziba njia ni hasara iliyokwisha kupangwa.

Rilisa huamua nusu ya mambo

Isipokuwa kwa kiwambo, utomvu lazima utoke kwenye ombwe uingie tangini. Rilisa ya boya inajaa, boya linapanda, valvu inageuka, hewa ya nje inaingia, mtungi unamwaga. Haihitaji umeme, lakini kila kumwaga ni hewa iliyoingizwa makusudi, na mwisho wa msimu utomvu ukianza kuwa na utelezi boya linakwama. Rilisa ya umeme inasukuma utomvu nje kwa pampu bila kuingiza hewa, hivyo ombwe halitikisiki. Umeme wa pampu hiyo ukikatika huku pampu ya ombwe inaendelea, mtungi unajaa hadi kwenye mtego. Zifunge zote mbili kwenye swichi moja: moja ikizima, na nyingine izime.

Kwa ukubwa wake, kadiria lita 1.5 kwa saa kwa kila tundu siku ya kishindo. Matundu 500 ni lita 750 kwa saa, kama lita 12 na nusu kwa dakika.

Kuwasha, na kutafuta inapovuja

Kabla ya kufungua msitu, funga koki zote na uwashe. Ikiwa sindano haifiki pale ilipofika mwaka jana, tatizo liko kibandani: pampu, mtego au rilisa. Ikifika, fungua bomba kuu moja, subiri itulie, andika, kisha linalofuata. Bomba linaloshusha sindano kwa inchi 3 ndilo la kufuatwa kwa miguu. Weka geji pia mwisho kabisa wa kila bomba. Tofauti ya zaidi ya inchi 2 kati ya kibanda na mwisho, hali hakuna uvujaji, ina maana bomba ni jembamba mno au limebonyea na maji yamelala humo. Mteremko usipungue asilimia 2, na mrija mmoja wa pembeni (ule wa kawaida wa inchi 5/16) ubebe matundu 5. 10 ni mwisho.

Kwenye mrija wa pembeni, tazama mapovu. Mrija uliobana unatembeza utomvu polepole, na mapovu madogo yanaufuata kama yamechoka. Mrija unaovuja mapovu yake ni marefu na yanakimbia. Fuata mkimbio huo kuelekea juu hadi unapoanzia. Sikiliza kwenye kichomekeo kilichopo shinani: ukisikia mluzi mwembamba, kigonge kidogo kwa nyundo ya plastiki hadi mluzi ukome na mlio wa kugonga uwe mzito. Usigonge mti ukiwa umeganda, utapasuka, na hapo hakuna cha kuziba. Kasoro nyingi ni meno ya kindi, kiungo cha T kilichopasuka, na tawi lililoangukia waya unaoshikilia bomba.

Nani achukue ipi

Mteremko wa mita 9 na matundu chini ya 100: mrija mwembamba, na pesa ya pampu inunue mirija mipya. Tambarare na chini ya 150: kiwambo chenye mrija wa kurudisha. Kuanzia 300 hadi 1,000, na unaweza kufika kibandani mara mbili kwa siku: pampu ya zizini yenye tangi la oili na rejeta. Kati ya 150 na 300 ni eneo gumu. Tungependelea pampu ndogo ya zizini kuliko viwambo viwili, kwa sababu msitu unakua na viwambo havikui. Zaidi ya 1,000 swali ni maji na umeme. Una maji baridi mengi na mafundi wa haraka haraka: pete ya maji. Umeme ni ghali, kibanda kiko mbali na mtego wako wa unyevu ni wa uhakika: kucha.

Usinunue futi kubwa ili kufunika uvujaji. Pampu kubwa mara mbili inaweza kweli kushikilia 24 kibandani, lakini hewa inayokimbia kwenye bomba inazuia utomvu kushuka, na miti ya mbali inabaki kwenye 15 huku geji yako inacheka.

Kuzima kunaanza baridi inapokaza na rilisa inaacha kumwaga. Mwaga mtego, mwaga rilisa, zima, kisha toa maji kwenye pete. Ukizima mapema huku utomvu ungali kwenye mirija, mti unapopoa unaufyonza urudi tunduni pamoja na bakteria wake, na tundu linajifunga mapema. Vichomekeo vyenye valvu ya upande mmoja vinapunguza hilo. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu kipya kila mwaka, kiwe hicho.